Nusu ya Wimbo Iliyokwenda Uholanzi

Mjomba wangu Evaristo Callisaya ni mtu wa kawaida kabisa. Nalisema hilo kwa kumtetea, kwa sababu kuna video yake imetazamwa mara laki tatu na tisini elfu, na humo wanamwita Bwana wa Ukimya. Ukimya upi, sijui. Huyu mtu akiongea na ng'ombe wake, walio ng'ambo ya ziwa wanaitikia.

Ana miaka hamsini na minane, kondoo ishirini na wawili, ng'ombe mmoja mwenye jeuri, vipande vitatu vya shamba la viazi, na mke, Mama Basilia, ambaye ndiye mwenye akili katika nyumba ile. Basilia ana kaka, Hilario Chambilla. Evaristo na Hilario wamepuliza matete pamoja katika kundi la kijiji chetu cha Wilapata kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo sidhani kama waliwahi kupeana neno zuri. Mashemeji hawa wakikutana njiani, mmoja anaulizia afya ya mwenzake kana kwamba anasubiri kwa hamu habari mbaya.

Lakini wakishika matete, huwezi kupitisha wembe kati yao.

Matete yetu yanakuja kwa jozi. Safu moja ni ira, ina matete sita, hiyo ndiyo inayotangulia. Ya pili ni arka, ina saba, nayo inafuata. Sauti za wimbo zimegawanywa kati yao: moja hutoka huku, inayofuata hutoka kule, moja huku, moja kule, mpaka wimbo uishe au mpulizaji aanguke. Ukiwa na arka peke yako huna wimbo. Una mdomo uliong'olewa jino moja na kuachiwa moja. Hilario ni ira, Evaristo ni arka. Na Wilapata hakuna mtu anayeziita ala mbili. Ni ala moja inayohitaji watu wawili, kama machela. Machela haiwi mbili kwa kuwa imebebwa na wawili.

Balaa lilianzia hapo.

Fomu ya tamasha ilikuja kwa barua pepe, na mimi ndiye niliyeijaza, kwa kuwa nilisoma utalii La Paz mihula mitatu kati ya sita, na kijijini kwetu hiyo inahesabiwa kuwa elimu ya juu. Lilikuwa tamasha la Uholanzi, la watu wanaopuliza vitu mbalimbali kutoka pembe zote za dunia. Swali la saba liliuliza: idadi ya ala. Nikamuuliza Evaristo.

"Moja," akasema.

Kwa kuwa mimi ni msomi, nikahakikisha kwa Hilario.

"Moja, mwanangu. Ulitaka tuwe na ngapi, sisi duka?"

Nikaandika moja. Swali la nane likataka jina la mpigaji, na nafasi yenyewe ilitosha jina moja. Nikaandika la Evaristo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na pasipoti. Binti yake aliyeko Valencia alimwambia aikate haraka, atamtumia mwaliko wiki ijayo. Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita.

Baada ya mwezi ikaja tiketi moja.

Tukaandika barua kueleza kwamba ala moja ni watu wawili. Wakajibu kwa adabu sana kwamba nafasi zimejaa, ila maelezo yetu yamewagusa. Hilario alikaa na habari hiyo kutwa nzima akitafuna majani ya koka, kisha akaja uani kwa dada yake.

"Nenda, shemeji," akamwambia Evaristo. "Ukifika waeleze vizuri kwamba hiyo uliyobeba ni nusu. Mwakani wataniita na mimi. Na usikohoe mbele za watu."

"Nitawaeleza."

"Utasahau."

"Nimeshawahi kusahau nini mimi?"

"Harusi yako," akasema Basilia kutoka jikoni.

Basi akaondoka, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata, akaenda zake Ulaya na majibu mkobani, maswali ameyaacha kijijini.

Yaliyotokea huko tumeyapata kutoka kwake mwenyewe na kutoka kwenye ile video, nami nimetoa chumvi aliyozidisha. Walimpa jukwaa, taa ya bluu na kigoda. Kigoda hakukielewa, kwa sababu matete hayapulizwi kwa kukaa. Tunapuliza tukicheza, tunazunguka duara, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Siku ya kwanza alitimiza ahadi. Alisimama akasema, na mkalimani akayatafsiri sawasawa, neno kwa neno: "Hii ni nusu tu ya wimbo. Nusu nyingine iko nyumbani, inaitwa Hilario."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akajishika kifua.

Akaanza. Akapuliza sauti yake, akasubiri pale pa Hilario, akapuliza yake, akasubiri. Miguu, ambayo haijui kwamba imepanda ndege, ikaanza kuzunguka kigoda. Alikuwa anamfuata mtu asiyekuwepo, na kila alipofika mahali pa kugeuka alisimama kidogo kuwapisha wenzake ishirini na watatu ambao muda ule walikuwa Wilapata wanachimba viazi. Alipomaliza, wote wakainuka kwa pamoja.

"Nilidhani kuna moto," alitusimulia. "Nikatazama mlango uko wapi."

Hakukuwa na moto. Walikuwa wanampigia makofi. Katika miaka yote ya kupuliza Wilapata hakuna aliyewahi kumpigia makofi, kwa sababu kwetu huwezi kumpigia mtu makofi na wewe mwenyewe umeshika matete. Makofi yale yalimwingia mahali ambapo hapajawahi kuingia kitu.

Siku ya pili mkuu wa tamasha, Daktari Wouter, bwana mrefu mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, alimjia na kinasasauti. Mjomba alikuwa amelala kwenye kitanda chenye mito minne na amekula samaki ambaye mtu mwingine alishamtoa miiba. Daktari akamuuliza: huu ukimya uliopo kati ya sauti na sauti, unaotikisa roho namna hii, umetungwa na nani?

Kwenye video, dakika ya nne na sekunde ya kumi na mbili, unamwona anafikiri. Unaona kabisa jina la Hilario limefika kwenye ulimi. Kisha anasema:

"Mimi."

Video hiyo tuliitazama dukani kwa Tata Nicanor Laura, kiongozi wa kundi, ambaye ana televisheni kubwa kuliko dirisha lake. Hilario alikuwa kwenye benchi, shavu limejaa koka. Akaomba kipande hicho kirudiwe. Kikarudiwa mara tatu. Mara ya tatu alitoka nje, akatema koka yake kwa adabu pembeni ya ukuta, akaenda zake bila kuaga.

Evaristo alirudi na skafu, na jibini moja la duara, la njano, kubwa kama kichwa cha ndama. Na alirudi na tabia mpya. Alikuwa anaanza sentensi, anafika katikati, ananyamaza na kutazama milima. Mwanzoni tulidhani ni kizunguzungu cha safari. Siku hiyohiyo alibeba jibini kwenda kwa Hilario, nami nikamfuata, kwa sababu mambo ya namna hii sikubali kusimuliwa.

"Shemeji, nimekuletea jibini."

"Liweke ukutani hapo. Ukimya wako haujambo?"

"Unajua, shemeji, vyombo vya habari vya kule..."

"Mimi najua vyombo vya kulia tu. Hebu nisaidie. Ule wimbo wa kuingilia uwanjani, mimi nina sauti ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ulikwenda nazo?"

"Hapana."

"Zilibaki wapi?"

"Hapa. Kwako."

"Basi palipokuwa kimya palikuwa pangu. Ukaulizwa pa nani, ukasema pako." Hilario alisema hayo taratibu, huku anamkatia punda majani. "Ungeniibia kondoo ningekwenda kwa mkuu wa kijiji. Sasa hizi nikamwambie nini? Kwamba shemeji yangu amekwenda Ulaya akajitapa na mahali ambapo sikuwepo?"

Mjomba akafungua mdomo, akafika katikati ya sentensi, na safari hii hakunyamaza kwa mtindo. Aligeuka akarudi nyumbani, na milima hakuitazama.

Wiki hiyo Hilario akapata arka mpya, Severo Apaza, fundi baiskeli, mtu mwema sana anayepuliza matete kana kwamba anajaza tairi upepo. Nicanor naye akaja kwa mjomba, akavua kofia, akamweleza utaratibu ambao mjomba aliujua tangu ana miaka kumi na saba, alipoingia kundini kushika nafasi ya marehemu baba yake. Sikukuu ya Msalaba ni tarehe kumi na nne Septemba. Asiyekuwa na mwenzake asubuhi hiyo hapulizi, hubeba makoti ya wanaopuliza, na nafasi yake inachukuliwa moja kwa moja. Uholanzi alikuwa bwana. Wilapata, bila Hilario, alikuwa mtu wa makoti.

"Hakuna ira mwingine?" mjomba akauliza. "Yeyote asiye na mwenzake? Hata mtoto anayejifunza?"

"Yupo Hilario," akasema Nicanor. "Na njia ya kumpata unaijua."

Aliijua. Sisi hatuombani msamaha kwa simu. Unatandaza kitambaa chenye majani ya koka mbele ya watu, unavua kofia, unapiga magoti. Uliyemkosea akichukua jani, yamekwisha. Asipochukua, unabaki pale na magoti yako. Mjomba alisema yuko tayari kabisa, ila goti la kushoto lina baridi yabisi. Wiki iliyofuata ikawa la kulia.

Basilia hakugombana naye. Jioni moja alimpakulia supu bakuli nusu, chuño moja, kile kiazi chetu cha kukaushwa kwa baridi, iliyokatwa katikati, na kijiko akakivunja mpini.

"Nusu nyingine iko wapi?" mjomba akauliza.

"Hiyo ndiyo nusu nyingine, mume wangu. Ni ukimya. Kula."

"Basilia, mimi nina njaa."

"Ulaya wangekupigia makofi."

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi anakuta soksi moja. Shati limefuliwa mkono mmoja, wa pili una tope lake la jana. Akimwambia Basilia neno, Basilia anajibu mwanzo wa sentensi na kumwachia mwisho. Siku ya sita alinijia nyuma ya zizi akaniuliza kama chuo kilinifundisha lolote kuhusu wanawake. Nikamwambia hayo yalikuwa muhula wa nne.

Hilario naye, tuseme ukweli, hakuwa anafurahi. Mazoezi yalikuwa yanafanyika nyuma ya kanisa, na kila Severo alipopuliza, Hilario alifumba macho kama mtu anayedungwa sindano. "Unakuja baada ya mimi," alimwambia. "Si baada ya chakula cha mchana." Severo akaomba radhi, akachelewa tena.

Siku mbili kabla ya sikukuu, Daktari Wouter akafika na wapiga picha wawili kutengeneza filamu ya Bwana wa Ukimya nyumbani kwake. Kwa heshima ya utamaduni wetu alikuwa amevaa poncho la wanaume wa bonde lingine na kofia nyeusi ya duara, ile wanayovaa mama zetu. Hakuna aliyemwambia. Basilia alimkaribisha ndani, akamkalisha, akamuuliza mumewe amemwacha wapi.

Asubuhi ya Msalaba watu walijaa uwanja wa kanisa, labda mia mbili. Kundi lilikuwa tayari, jozi kwa jozi, Hilario na Severo wakiwa mwisho. Mjomba alikuwa na poncho lake jekundu, arka yake mkononi, na makoti manane begani. Daktari akaenda akamtua makoti, akambandika kinasasauti kifuani, akamsimamisha katikati ya uwanja na kuwaomba watu warudi nyuma. Alitaka wimbo wa Uholanzi, vilevile. Mjomba alitutazama, akatazama kamera. Nadhani alikuwa na matumaini kwamba makofi ni makofi popote.

Akapuliza sauti yake. Akasubiri. Akapuliza. Akasubiri.

Kule ukumbini, palipokuwa tupu palikuwa tupu. Hapa kila mtu alijua kinachokosekana. Kila alipoacha nafasi, vidole vya miguu vya watu mia mbili vilikuwa vinajaza ndani ya ndala. Vikongwe walichezesha midomo. Alizunguka peke yake akimfuata hewa, na hewa yenyewe tuliijua jina, ilikuwa imesimama pale pembeni na fundi baiskeli. Daktari Wouter alilia. Alisema baadaye hajawahi kurekodi kitu safi namna ile.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Ng'ombe mmoja alikohoa.

Mjomba akasimama na mdomo wake umekauka. Kisha akavua kofia. Akatoa kitambaa chini ya poncho, na hapo tukajua alikuwa amekibeba tangu nyumbani, akakitandaza mbele ya miguu ya Hilario. Akapiga magoti, yote mawili, yale yenye baridi yabisi.

"Shemeji. Nilikuchukulia sauti zako."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na mbili. Ile ya mwisho kabla ya kurudia huwa unaikoholea, ndiyo maana huijui."

"Kumi na mbili."

"Na hao wageni wanajua?"

"Hawajui."

"Basi waambie. Mimi siwezi, sijui Kiholanzi."

Mjomba akageuza shingo kwa kamera, magoti yakiwa palepale. "Pale ninaponyamaza si pangu," akasema. "Ni pa Hilario Chambilla. Mimi sikutunga kitu. Nilikuwa namsubiri."

Hilario akainama juu ya kitambaa. Hakuwa na haraka. Aliinua jani, akalikagua, akalirudisha. Akainua jingine. "Koka yenyewe imekauka," akalalamika kwa watu waliokuwa karibu. "Huyu hata kuomba msamaha anabana." Akachambua tena. Basilia, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake, akamwambia kwa upole kwamba asipochukua jani sasa hivi, na yeye ataanza kupakuliwa nusu kila akija kula. Akachukua manne kwa mpigo.

Severo hakungoja kuambiwa. Aliweka arka yake mfukoni, akajitwika makoti yote manane, na sijawahi kuona mtu aliyebeba makoti kwa furaha kiasi kile.

Daktari Wouter naye alikuwa ameguswa. Kupitia mkalimani wake alisema kwamba sasa ukimya umepata sura ya binadamu, na akauliza kama huyo mzee mwenye sura ya binadamu angeweza kusogea hatua mbili hivi, atoke kwenye picha. Nicanor akajibu kwamba kamera ndiyo ina magurudumu. Akapiga ngoma moja, na wanaume ishirini na wanne wakaanza kuzunguka na kupuliza, Daktari akiwa katikati na waya zake. Alizungushwa kama pia. Alipotoka upande wa pili, kofia ilikuwa kichwani kwa Basilia, na ilimkaa vizuri sana.

Filamu ilitumwa mwishoni mwa Oktoba, wiki moja kabla ya Watakatifu Wote, tukiwa bado hatujayafungia matete, ambayo kwetu hayapulizwi msimu wa mvua. Tuliitazama Jumapili mchana dukani kwa Nicanor, duka limejaa mpaka watoto wakawekwa juu ya magunia ya sukari. Picha ilikuwa nzuri. Ziwa lilikuwa la bluu kuliko tunavyolijua sisi. Mjomba alionekana amepiga magoti, na sauti ya Daktari ikaeleza kwamba anaisujudia ardhi. Maneno yake hayakuwemo. Kisha kundi likaanza kuzunguka, na kamera ikawakaribia wawili, arka na ira, bega kwa bega. Hilario alikuwa amevimbisha mashavu, shingo imetoka mishipa, anapuliza kwa nguvu zake zote, na kwenye televisheni hakutoka kitu. Walikuwa wameweka juu ya picha ile sauti ya asubuhi, ya mjomba alipokuwa peke yake uwanjani. Ile safi.

Mjomba akaangalia viatu vyake, ambavyo siku hizo vilikuwa viwili.

"Shemeji," akaanza, "mimi haki ya Mungu sikujua kama..."

Hilario alikuwa ameshaingiza mkono chini ya poncho. Akatoa ira yake, akaifuta kwa kiganja, akasubiri arka ya kwenye televisheni ipulize, na ilipoacha nafasi, akaijaza. Ikaacha tena, akajaza tena. Wimbo ukawa mzima, nusu unatoka Uholanzi na nusu unatoka kwenye benchi la Nicanor, na watu wakaanza kusogeza miguu kwa kadiri magunia yalivyoruhusu. Mjomba peke yake ndiye aliyekaa hana kazi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa inafanyika kwenye kioo.

Alivumilia mpaka katikati.

"Pale ulichelewa," akasema.

Hilario akaondoa matete mdomoni kwa muda wa sauti moja tu, ile ambayo si yake.

"Kaa kimya," akamwambia. "Ndiyo kazi unayoijua."